Sindano ya mgongo: epidurali, faseti au sakroiliaki?

Ukipewa karatasi ya rufaa iliyoandikwa "sindano ya mgongo" tu, hujaambiwa mengi. Jirani atakwambia alidungwa akapona kabisa. Shemeji atakwambia alipata nafuu wiki mbili kisha maumivu yakarudi palepale. Huenda wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa hawakudungwa sindano moja. Jina hilo limebeba matibabu kadhaa yanayolenga sehemu tofauti za uti wa mgongo, na mtaani hutumiwa pia kwa ganzi ya mama anayejifungua kwa upasuaji, ambayo ni jambo jingine na haimo humu.

Hapa tunalinganisha tatu ambazo mtu mwenye maumivu ya mgongo wa chini hupendekezewa zaidi Nairobi: epidurali, inayoweka dawa kwenye nafasi iliyo nje kidogo ya utando wa uti, sindano ya neva za faseti, viungo vidogo vya nyuma ya pingili, pamoja na uchomaji wa neva unaoweza kuifuata, na sindano ya kiungo cha sakroiliaki, kile kinachounganisha mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo na nyonga.

Vigezo tunavyotumia

Kila sindano tutaiuliza maswali yaleyale. Inajibu swali gani? Inafanywaje? Nafuu yake hudumu muda gani? Huharibika wapi? Inamfaa nani?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloachwa mara nyingi. Sindano hizi ni vipimo kabla ya kuwa tiba. Ganzi iliyomo ndani yake hujibu ndani ya saa moja: ikiwa maumivu yako ya kila siku yamezimika, mahali palipodungwa ndipo yanapotoka. Steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikiwekwa, hujibu polepole ndani ya siku 14: je, uvimbe wa pale unatulizika? Mgonjwa anayelipia sindano bila kuambiwa inauliza nini hulipia nusu ya kazi.

Usidhani picha ya MRI itakuchagulia. Ukiwapiga MRI watu wa miaka 40 wasio na maumivu yoyote, karibu nusu yao watakutwa na diski iliyotokeza. Kwa hiyo ripoti inayosema diski ya L4 na L5, yaani iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya mgongo wa chini, imetokeza haithibitishi kwamba hiyo ndiyo inayokuuma. Picha lazima ilingane na mahali unapoumia na namna unavyoumia.

Kabla ya kuchagua yoyote

Kuna watu ambao sindano ya steroidi itawadhuru, na katika nchi yetu orodha hiyo ina mambo ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka.

La kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgonjwa huweza kukaa miezi akiumwa mgongo bila kukohoa hata mara moja. Ukipungua uzito bila sababu, ukitoka jasho usiku hadi shuka zinalowa, ukiwa na homa za jioni, au maumivu yakikuamsha usiku hata ukiwa umelala vizuri, dai uchunguzi kwanza. Brusela nayo, inayopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kushughulika na mifugo inayozaa, huweza kukaa kwenye pingili na viungo vya nyonga. Steroidi hushusha kinga mahali pale na kuwapa vijidudu nafasi, huku nafuu ya siku chache ikimfanya mgonjwa aache kutafuta chanzo. Aliyewahi kuugua saratani naye achunguzwe kwanza.

La pili ni dawa za HIV. Anayetumia mchanganyiko wenye ritonavir, kama atazanavir na ritonavir, lazima amweleze daktari anayedunga. Ritonavir huzuia ini kuivunja steroidi, hasa triamcinolone, hivyo dozi moja hukaa mwilini kwa wiki nyingi: uso huvimba, sukari hupanda, na tezi za juu ya figo huacha kufanya kazi yake. Anayetumia mseto wa dolutegravir usio na ritonavir hana mgongano huo. Wengi hunyamaza kwa kuona ni siri isiyohusu mgongo. Inahusu sana.

La tatu ni dawa za kuzuia damu kuganda. Warfarin kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na damu kupimwa. Clopidogrel husimamishwa siku 7. Usisimamishe mwenyewe. Daktari aliyekuandikia ndiye anayejua kama moyo wako unaweza kuvumilia siku hizo. Mjamzito naye aseme mapema, maana kazi hii huongozwa kwa eksirei.

Epidurali

*Inajibu swali gani?* Je, neva iliyobanwa au iliyochomwa na ute wa diski ndiyo inayouma mguu? Dalili ni maumivu ya mguu yanayozidi ya mgongo, yanayoshuka chini ya goti kama waya wa moto. Yakifika juu ya unyayo na kidole gumba, neva inayoshukiwa ni L5. Yakipita nyuma ya paja hadi kisigino na ukingo wa nje wa unyayo, ni S1, neva inayofuata chini yake. Ukilala chali na mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka, maumivu hayo huwaka kabla ya kufika nyuzi 70.

*Inafanywaje?* Kuna njia tatu, na tofauti zake si ndogo. Ya kwanza hupita katikati, kati ya pingili mbili. Daktari hushika bomba lenye hewa au maji ya chumvi huku akisukuma sindano milimita kwa milimita. Kidole gumba kinahisi ukinzani wa kano ngumu ya manjano, kisha ghafla ukinzani unaisha na bomba linaingia lenyewe. Hapo ndipo nafasi ya epidurali. Dawa hapa huwa mililita 4 hadi 8, na huenea pande zote mbili.

Njia ya pili hupita tundu la pembeni ambamo neva inatokea. Hutumia mililita 1 hadi 3 tu, kwa kuwa dawa inawekwa karibu kabisa na neva. Kabla ya dawa, mililita moja ya rangi huingizwa, na kwenye skrini ya eksirei neva huchorwa kama uzi mweusi unaoshuka kwa mshazari. Rangi ikitoweka mara moja kama moshi, sindano imo ndani ya mshipa wa damu na lazima isogezwe. Kipande hicho cha sekunde tano ndicho usalama wote wa njia hii. Ikiwa MRI inaonyesha ngazi mbili zenye shida na haijulikani ipi inauma, neva moja hudungwa ganzi kidogo bila steroidi, na jibu lake humsaidia daktari wa upasuaji kuchagua.

Njia ya tatu hupandia kwenye tundu la mfupa karibu na kifandugu. Huhitaji dawa nyingi zaidi, mililita 10 hadi 20, ili ifike juu. Humfaa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo, ambapo njia ya katikati imezibwa na kovu.

*Hudumu muda gani?* Ganzi huisha saa chache baadaye na maumivu hurudi usiku huo, wakati mwingine kwa ukali zaidi. Watu wengi hukata tamaa hapo na kupiga simu wakisema imeshindikana. Subiri. Steroidi huanza kazi kati ya siku ya 3 na ya 7, na hukumu hutolewa baada ya wiki mbili. Nafuu ikija hudumu wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Diski haijatengenezwa. Umenunua muda wa kulala, kutembea na kufanya mazoezi wakati mwili unaifyonza sehemu iliyotokeza, maana wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 hata bila upasuaji. Wale wanaouziwa "sindano tatu kwa mpigo" waulize ya pili ni ya nini ikiwa ya kwanza haikusaidia chochote. Rudio lisifanywe kabla ya wiki mbili, na kwa mwaka zisizidi 3 au 4.

*Huharibika wapi?* Sindano ikitoboa utando wa uti, hutokea maumivu ya kichwa yanayozidi ukikaa au kusimama na kupungua ukilala. Mwenye kisukari ajiandae: sukari hupanda kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki, hivyo apime mara kwa mara na awe amekubaliana na daktari wake juu ya dozi. Uso kuwa mwekundu na usingizi kupotea siku mbili za kwanza ni kawaida. Usaha na damu kuvilia ndani ni nadra, lakini ni hatari.

Kuhusu dawa yenyewe, uliza ni steroidi gani. Triamcinolone na methylprednisolone zina chembechembe. Chembe hizo zikiingia kwenye mshipa mdogo unaolisha uti huweza kuuziba. Dexamethasone haina chembe, na ndiyo madaktari wengi huanza nayo kwenye njia ya pembeni. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu madhara nadra lakini mabaya ya steroidi za epidurali: kupooza, kupofuka, kiharusi na kifo. Chupa nayo iwe ya mgonjwa mmoja, ifunguliwe mbele yako. Mwaka 2012 huko Marekani, methylprednisolone iliyochafuliwa na kuvu katika duka moja la kutengeneza dawa iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua zaidi ya 60.

*Inamfaa nani?* Mwenye maumivu makali ya mguu yaliyoanza karibuni, yanayolingana na picha, na yaliyokataa vidonge na mazoezi. Haimfai anayeumwa mgongo peke yake.

Neva za faseti

*Inajibu swali gani?* Je, viungo vidogo vya nyuma ya pingili, vinavyoitwa faseti, ndivyo vinavyouma? Maumivu hukaa pembeni mwa uti, kulia au kushoto, huenda hadi kitakoni au pajani lakini kwa kawaida hayapiti goti. Huzidi ukijikunja kwa nyuma au ukisimama muda mrefu. Hakuna eksirei wala MRI inayoweza kusema kwa uhakika kwamba faseti fulani inauma. Ndiyo maana kipimo cha ganzi ndicho kinachoamua.

*Inafanywaje?* Kila faseti hupokea neva mbili. Kiungo cha L4 na L5 hulishwa na neva ya L3 na ya L4. Hivyo kupima viungo viwili vya chini upande mmoja huhitaji sindano tatu, na mgonjwa asishangae kuona matundu matatu. Kila neva hupewa nusu mililita au chini ya hapo. Zaidi ya hapo ganzi humwagikia jirani na jibu huchafuka. Hakuna dawa ya usingizi, na siku hiyo usimeze dawa ya maumivu asubuhi. Ukifika umeshatulia, hakuna cha kupima.

Sasa inakuja kazi yako, na hapa kipimo hupotea kuliko popote. Beba daftari. Andika maumivu kwa alama 0 hadi 10 kabla ya sindano, kisha kila nusu saa kwa saa sita. Na ufanye kile kinachokuuma. Anayeumia akiinama kwenye karai la nguo akainame. Anayeumia akisimama jikoni akasimame. Ukurasa mzuri husomeka hivi: saa nne asubuhi, kabla ya sindano: 7; saa nne na nusu: 2; saa tano, nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu: 1; saa saba: 3; saa tisa: 6. Anayekwenda nyumbani kulala atapata nafuu ya kulala, na daktari atapata jibu la uongo.

Nafuu ya angalau asilimia 50, na kwa madaktari wakali asilimia 80, huhesabiwa ndiyo. Kwa kuwa kipimo kimoja hudanganya kwa wagonjwa watatu hata wanne katika kila kumi, wengi hurudia siku nyingine kwa ganzi tofauti: lidocaine inayoisha upesi, kisha bupivacaine inayokaa zaidi. Vyote viwili vikikubali, ndipo neva huchomwa kwa mawimbi ya redio: ncha ya sindano hupashwa hadi nyuzi 80 za Selsiasi kwa sekunde 60 hadi 90, baada ya kupima kwa umeme mdogo kuhakikisha mguu hauruki.

*Hudumu muda gani?* Kipimo chenyewe hudumu saa chache, na ndivyo kilivyokusudiwa. Uchomaji huleta maumivu ya jeraha kwa wiki moja au mbili, kisha nafuu ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine zaidi. Neva huota tena, na uchomaji huweza kurudiwa.

*Huharibika wapi?* Mara nyingi ni pale mtu anapochomwa bila kupimwa, au kwa kipimo kilichofanywa akiwa amelazwa usingizi. Ngozi huweza kubaki na ganzi au mwasho kwa wiki kadhaa. Mwenye mashine ya kuratibu mapigo ya moyo aseme mapema.

*Inamfaa nani?* Anayeumwa mgongo kwa miezi mingi, alama 5 au zaidi, aliyekwisha kufanya mazoezi kwa dhati, na yuko tayari kupimwa kabla ya kutibiwa.

Sakroiliaki

*Inajibu swali gani?* Je, kiungo cha sakroiliaki ndicho chanzo? Mwambie mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja, naye atagusa kishimo cha upande mmoja juu ya kitako, chini ya mstari wa mkanda. Huuma kugeuka kitandani, kuinuka kwenye kiti cha matatu, kupanda ngazi kwa mguu mmoja. Hutokea baada ya kujifungua, baada ya kuanguka kwa kitako, au baada ya pingili za chini kuunganishwa kwa upasuaji. Daktari hufanya majaribio matano ya kukisukuma kiungo. Matatu yakiuma, shaka ni ya kutosha.

*Inafanywaje?* Sindano moja, sehemu ya chini ya kiungo, mililita 2 na nusu kwa wingi. Ikidungwa kwa kukisia, mara nyingi haiingii ndani ya kiungo, kwa hiyo picha ya kuongoza ni lazima.

*Hudumu muda gani?* Wiki kadhaa hadi miezi michache. Humpa mtu nafasi ya kuimarisha misuli ya kitako na tumbo.

*Huharibika wapi?* Ganzi ikivuja hadi neva kubwa ya mguu, mguu hulegea kwa saa chache. Usishuke ngazi peke yako.

*Inamfaa nani?* Mwenye dalili hizo baada ya wiki kadhaa za fiziotherapia bila nafuu. Kijana chini ya miaka 45 anayeamka na ukakamavu unaopita nusu saa, unaopungua akitembea, aanzie kwa daktari wa baridi yabisi, maana huenda ni ugonjwa wa kinga unaohitaji dawa nyingine.

Wataalamu hawakubaliani

Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unakataza sindano kwa maumivu ya mgongo wa chini peke yake, unaruhusu epidurali kwa maumivu makali ya neva ya mguu yaliyoanza karibuni, na unaruhusu uchomaji baada ya kipimo cha faseti kukubali. Mwongozo uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2025 ulikwenda mbali zaidi ukapinga sindano hizi na uchomaji kwa maumivu ya muda mrefu yasiyotokana na saratani. Vyama vya madaktari wanaofanya kazi hii vina msimamo mwingine. Kwa maoni yetu, hoja ya kuzitumia ni nzuri zaidi kwa mguu unaoungua kuliko kwa mgongo uliochoka, na ni nzuri zaidi zikitumiwa kama kipimo kilichopangwa kuliko kama jaribio la mwisho.

Kwa gharama na mahali

Omba bei iliyochambuliwa: chumba, mashine ya eksirei, daktari, dawa, rangi. Bei inayoonekana nafuu mara nyingi imeacha mashine au rangi nje, na hizo ndizo usizopaswa kuziacha. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza hospitali na bima kama idhini ya kabla inahitajika na inagharamia sehemu gani. Jina la daktari litafute kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Anaweza kuwa daktari wa nusukaputi, wa mifupa, wa upasuaji wa neva au wa picha. Muhimu ni mara ngapi anafanya hii unayoihitaji. Panga mtu wa kukurudisha nyumbani kwa gari. Usiendeshe hadi kesho yake, na usipande boda boda.

Ukiwa katika hali hii

Mguu unaungua kwa wiki mbili, nguvu ipo, unalala kidogo: vidonge, kutembea na fiziotherapia vinatosha kwa sasa. Ukifika wiki ya sita hulali wala hufanyi kazi, zungumza kuhusu epidurali ya pembeni.

Mgongo umekuuma mwaka mzima na mguu hauna shida: epidurali iache. Fanya mazoezi kwa miezi mitatu ukisimamiwa, kisha uliza kipimo cha faseti, au cha sakroiliaki ikiwa kidole kimoja kinatosha kuonyesha.

Mzee anayetembea hatua mia, miguu yote ikazidi kuwa mizito, akikaa inapoa: mfereji wa uti umebanwa. NICE haishauri epidurali hapo. Aonane na daktari wa upasuaji asikie njia zote.

Mwenye kisukari anayeweza kusaidiwa na faseti ana bahati, kwa kuwa kipimo na uchomaji vyote hufanyika bila steroidi.

Umeshadungwa na sasa una homa, shingo imekaza, maumivu ya mgongo yanaongezeka kila siku, au mguu unazidi kulegea baada ya saa za ganzi kupita: rudi hospitali leo, usingoje siku ya kliniki.

Na ukihisi ganzi katikati ya mapaja unapojipangusa chooni, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka bila kujua, miguu yote miwili ikapungua nguvu, sahau sindano zote. Nenda idara ya dharura ya hospitali yenye MRI na daktari wa upasuaji wa mgongo, usiku huohuo, na useme maneno hayo matatu mlangoni: ganzi, mkojo, miguu.